Jioni za wazungumzaji waalikwa katika chama cha kriketi: tumwalike nani, na tuziendeshe vipi?

Katibu Mpya

Wapenzi wa kriketi, salaam kwenu.

Nimekabidhiwa ukatibu wa chama chetu cha wapenzi wa kriketi, na kwa wasiovifahamu vyama vya namna hii niseme kwamba hatuna timu wala uwanja. Kazi yetu ni kukutana ukumbini mara moja kwa mwezi katika kipindi ambacho mechi zimesimama, tukamsikiliza mgeni aliyealikwa kuuzungumzia mchezo, kisha tukamwuliza maswali. Mtangulizi wangu aliamini kwamba ukumbi hujazwa na jina kubwa, na kwa miaka kadhaa alijitahidi kutuletea wachezaji wastaafu waliowahi kuchezea timu za taifa. Hata hivyo mahudhurio yamekuwa yakipungua mwaka hadi mwaka, na mimi nilipewa kazi hii, nadhani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Jioni yetu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Mgeni, ambaye sitamtaja, alikuwa mpigaji hodari enzi zake, na alipoingia watu walisimama kumpigia makofi. Alizungumza kwa saa nzima na dakika kumi bila kutazama karatasi, nami mwanzoni nikadhani hiyo ni dalili njema, mpaka mwanachama aliyeketi kando yangu aliponinong'oneza kichekesho kabla mgeni hajakitamka, neno kwa neno, kwa kuwa alikwisha kukisikia katika chama kingine. Karibu nusu saa ilikwenda kwa habari za Don Bradman, mpigaji wa Australia, katika uwanja wa The Oval jijini London mwaka 1948: jinsi alivyohitaji mikimbio (yaani alama) 4 tu ili wastani wake kwa kila mara aliyotolewa ufike 100, akatolewa na mrushaji Eric Hollies kwa mpira wa pili bila kupata hata mkimbio mmoja, akabaki na 99.94. Ni kisa kizuri, lakini katika ukumbi ule hapakuwa na mtu asiyeijua nambari hiyo pamoja na desimali zake. Wakati wa maswali ulipofika, mzee wetu mmoja alisimama akatoa hotuba yake mwenyewe kuhusu ubora wa warushaji wa zamani, na alipoketi muda ulikuwa umekwisha.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, mgeni achaguliwe kwa jina lake au kwa jambo analolijua? Muda wa mazungumzo na wa maswali ugawanywe vipi? Na yule mzee wetu, ambaye ni mtu mwema na hulipa ada yake kabla ya wote, tumfanyeje?

Mwandika Alama

Ndugu Katibu, pole kwa kazi.

Nimekaa mezani kwa waandika alama miaka mingi, na nimehudhuria jioni za namna hiyo nikiwa msikilizaji na nikiwa mgeni, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: jina hujaza viti mara moja tu. Mchezaji mashuhuri amekwisha kuzungumza kila mahali, na kumbukumbu zake zimelainika kama kokoto la mtoni, hazina tena pembe ya kukukwaruza. Yeye hana kosa, kwa maana ukimwomba mtu "aje atueleze maisha yake ya kriketi", atakueleza yale aliyoyaeleza jana na juzi. Kosa liko katika barua ya mwaliko. Mwombe azungumzie mechi moja, au hata alasiri moja ya mechi hiyo, nawe utamlazimisha arudi uwanjani kichwani mwake na kutafuta mambo ambayo hajawahi kuyasema.

Lakini ningekushauri uende mbali zaidi, ukaalike watu wanaouona mchezo kutoka mahali ambapo wanachama wako hawajawahi kusimama: mwandika alama, mwamuzi, mtunza uwanja, fundi wa kutengeneza magongo, mtu wa takwimu. Mimi nilipoalikwa kwa mara ya kwanza sikuwa na kisa chochote cha kuchekesha. Nilichukua karatasi tupu za alama nikazigawa, kila mtu na penseli yake, nikawasomea ova mbili, yaani mafungu mawili ya mipira sita sita, za mechi ya kweli, mpira baada ya mpira, wao wakiandika. Niliwaeleza kwamba mpira usiozaa kitu huwekewa nukta, na kwamba ova isiyotoa mkimbio hata mmoja, zile nukta zake sita huunganishwa kwa mstari zikawa herufi M, na kama ndani yake kuna wiketi, yaani mpigaji aliyetolewa, herufi hiyo hugeuzwa ikawa W. Baada ya mipira kumi na miwili nilikusanya karatasi, na hazikupatikana mbili zilizolingana. Kuna mzee aliyeifuatilia kriketi tangu utotoni ambaye aliisahau kabisa wiketi, kwa sababu alikuwa bado anaunda nukta za mpira uliotangulia. Walicheka, wakabishana, wakataka kurudia, na maswali hayakuhitaji kuombwa.

Jioni nyingine ninayoikumbuka ilikuwa ya mwalimu wa hisabati, na nakiri kwamba nilikwenda shingo upande. Alianza na nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1992 pale Sydney, ambapo Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza, mvua ikanyesha kwa dakika chache, na waliporudi uwanjani wakakuta wanatakiwa kupata mikimbio 21 kwa mpira 1. Kila mmoja wetu alikijua kioja hicho, lakini ni wachache waliojua kilivyotokea. Kanuni ya wakati ule, muda ulipopotea, iliziondoa katika hesabu ova ambazo timu iliyopiga kwanza ilipata mikimbio michache zaidi. Ova mbili zikafutwa, na shabaha ikapungua kwa mkimbio mmoja tu, kwa maana Afrika Kusini iliadhibiwa kwa kuwa warushaji wake walifanya kazi nzuri mno. Kisha akatuonyesha wazo la Frank Duckworth na Tony Lewis, wanatakwimu wawili wa Kiingereza ambao mbinu yao ilianza kutumika mwaka 1997: kwamba mali ya timu ni vitu viwili kwa pamoja, ova zilizobaki na wiketi zilizobaki, yaani wapigaji wanaoweza bado kutolewa, na mvua inapochukua ova hupaswi kuhesabu ova tu, bali uulize timu ilikuwa na wiketi ngapi za kuzitumia katika ova hizo. Aliandika jedwali dogo ubaoni, akatufanya tukisie, na tulipokuwa tukitoka ukumbini watu walikuwa bado wanakokotoa. Mtu huyo hajawahi kucheza mechi hata moja ya maana.

Mwamuzi Mstaafu

Naunga mkono aliyoyasema Mwandika Alama, isipokuwa kwamba mwamuzi naye ana ugonjwa wake, nao ni kusimulia wachezaji wakorofi aliowahi kukutana nao. Mkimwalika, mpeni sheria moja aichambue. Mimi hupendelea ile ya kutolewa kwa mguu mbele ya wiketi, yaani mpigaji kuuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga vijiti anavyovilinda, kwa sababu kila mtazamaji anaamini anaielewa. Huweka vijiti vitatu jukwaani, nikamsimamisha mwanachama mmoja na gongo, nikauviringisha mpira kwa mkono taratibu, kisha nikawauliza walioketi maswali yale yale ninayojiuliza mwenyewe katika nusu sekunde: je, mpira ulidunda nje ya kijiti cha upande wa mguu, yaani upande ulio nyuma ya miguu ya mpigaji? Kama ndiyo, mjadala umekwisha, hata kama ungekwenda moja kwa moja kwenye vijiti. Kama sivyo, je, ulimgonga akiwa ndani ya mstari wa vijiti, au nje upande wa pili? Na ikiwa ni nje, je, alikuwa anajaribu kwa dhati kuupiga? Na mwisho, je, ungeendelea hadi kwenye vijiti? Hapo ndipo watu waliokuwa wakipiga kelele mbele ya televisheni kwa miaka thelathini hunyamaza kidogo. Nikimaliza huwapitishia zile kokoto sita nilizokuwa nikizihamisha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine ili nisipoteze hesabu ya mipira, na nimeshangaa kuona jinsi watu wazima wanavyozishika kwa heshima, ilhali niliziokota njiani.

Sasa nije kwenye swali la yule mzee. Ndugu Katibu, usimnyamazishe mbele za watu. Kwanza, mwenyekiti atangaze mwanzoni, kabla mgeni hajafungua mdomo, kwamba kila mtu atauliza swali moja lenye sentensi moja, na aseme hivyo kila mwezi mpaka iwe desturi. Pili, wakati wa mapumziko pitisha vikaratasi watu waandike maswali yao, mwenyekiti ayachague na kuyasoma, kwa sababu utakuta kwamba swali zuri kuliko yote limeandikwa na mtu ambaye asingethubutu kusimama. Tatu, mpe mzee wako kazi. Yeye ndiye atoe neno la shukrani mwisho wa jioni, dakika tatu, na umwambie wiki moja kabla. Mtu mwenye hotuba tumboni haachi kuitoa. Mchagulie wewe mahali pa kuitolea.

Kuhusu muda, sisi huzungumza dakika arobaini, tunapumzika ishirini, kisha maswali kwa dakika arobaini nyingine. Mapumziko msiyafupishe, maana hapo ndipo mgeni huzungukwa na watu wanne watano akaanza kusema aliyoyabania jukwaani.

Kiti cha Mbele

Niruhusuni nipinge kidogo, kwa maana naona mada inaelekea kuwafukuza wachezaji ukumbini.

Mimi nilijiunga na chama changu kwa sababu ya jina kubwa. Nilikuwa sijui kwamba chama hicho kipo, nikaona tangazo lenye jina la mrushaji niliyemshangilia nikiwa kijana, nikaenda, na sijaondoka tangu siku hiyo. Mwandika alama na mwalimu wa hisabati, pamoja na heshima zangu zote kwao, wasingenitoa nyumbani jioni ile. Wanaokuja kusikia habari za kanuni ya mvua ni wale ambao tayari wamo. Kwa hiyo kila msimu lazima pawepo jina moja au mawili ya kuwavuta walio nje, hata kama wakongwe wa chama watasikia vichekesho wanavyovijua.

Ninachokubaliana nacho ni kwamba mchezaji asiachiwe jukwaa peke yake. Ondoeni meza ya hotuba, wekeni viti viwili, na mmoja wenu aliyesoma vizuri amhoji. Ila mhoji naye ajiandae, kwa kuwa swali la "ulijisikiaje siku ile?" huzaa jibu la "nilifurahi sana", na hapo mmerudi mlikotoka. Chukueni mfano wa Jim Laker, mrushaji wa Uingereza, pale Old Trafford, Manchester, mwaka 1956, alipochukua wiketi 19 kati ya 20 za Australia: katika zamu ya kwanza 9 huku akitoa mikimbio 37, na katika ya pili zote 10 huku akitoa 53. Swali la mvivu ni kuuliza siri ya Laker. Swali la mtu aliyefungua daftari la alama ni hili: upande wa pili wa uwanja ule ule, kwenye udongo ule ule, alikuwepo Tony Lock, naye ni mrushaji hodari wa mpira wa kuzungusha, akapata wiketi moja tu, kwa nini? Swali hilo linaweza kukaliwa jioni nzima, kwa kuwa linagusa mwelekeo wa kuzungusha mpira, kasi, hasira ya mrushaji anayemwona mwenzake akivuna, na tofauti ya ncha mbili za ukanda mmoja, yaani kipande cha katikati ya uwanja ambacho mpira hudundia. Yeyote aliyewahi kurusha mpira na kukosa wiketi huku mwenzake akizizoa atakuwa na la kusema, hata kama hakuwepo siku hiyo.

Jambo la mwisho: mwambieni mchezaji aje na mpira wa zamani. Tulipata mrushaji wa mpira wa kasi aliyekaa kimya mwanzoni kama mtu aliyeletwa kwa nguvu, mpaka mhoji alipompa mpira uliochakaa. Vidole viwili vikajipanga vyenyewe juu ya mshono, akaugeuza tuuone upande unaong'aa na upande uliokwaruzika, akaeleza kwa nini mpya hupinda upande mmoja hewani na uliochakaa, ukirushwa kwa kasi ya kutosha, hupinda kinyume chake. Kisha akaurusha mstari wa mbele, ukapita mkono kwa mkono hadi nyuma. Mtu huyo alizungumza mpaka mlinzi wa jengo akaja kuzima taa.

Binti wa Mlinda Wiketi

Nina machache tu. Nimesoma majibu yote na wageni wote waliotajwa ni wanaume. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilichezwa na wanawake, mwaka 1973 huko Uingereza, miaka miwili kabla ya lile la wanaume, na nahodha wa timu iliyolitwaa alikuwa Rachael Heyhoe Flint. Katika chama changu nilipolitaja hilo, nusu ya ukumbi haikuwa na habari, nao ni watu wanaoijua 99.94 hata wakiwa usingizini. Wachezaji wanawake wa miaka ile na iliyofuata mara nyingi walijilipia wenyewe nauli na sare, na wengi wao hawajawahi kualikwa popote wakaeleza, kwa hiyo kumbukumbu zao, kwa kuazima maneno ya Mwandika Alama, bado zina pembe.

La pili ni la kawaida kabisa: tafuteni kipaza sauti kinachofanya kazi, na mwenyekiti arudie kila swali kwa sauti kabla ya mgeni kujibu. Baadhi ya wanaoacha kuja hawajachoshwa na wageni. Hawasikii, na wanaona haya kusema.

Katibu Mpya

Nawashukuru nyote. La kipaza sauti limenichoma, kwa kuwa chetu hukoroma, na nimewakumbuka wanachama wawili wa safu ya nyuma ambao sijawaona kwa muda mrefu.

Naomba niongeze maswali mawili. Mgeni akishindwa kufika dakika za mwisho, mnafanyaje? Na je, mnarekodi mazungumzo ili wasiofika wayapate kwenye mtandao?

Mwandika Alama

La kwanza: barua. Mwandikie mgeni mapema, umtajie tarehe, saa, mahali, mada mliyoafikiana, na nani atamlipia usafiri, kisha umpigie simu wiki moja kabla na tena siku moja kabla, hata kama unajiona unasumbua. Posho yake, ikiwa ipo, itajwe kwa maandishi tangu mwanzo, ili mweka hazina asije akaanza kunong'onezana naye mlangoni. Pamoja na hayo, uwe na jioni ya akiba. Yetu ni wanachama wanne, kila mmoja na kitu kimoja kutoka kabatini kwake, tiketi ya zamani au gongo lililopasuka, na dakika kumi za kueleza alikipataje. Tuliitumia mara moja mgeni alipokwama njiani, na tangu hapo wanachama wameomba ifanyike kila msimu kwa makusudi.

La pili: muulize mgeni kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, na akikataa usimsihi. Mtu anayejua kwamba anarekodiwa hukuletea yale yaliyolainika. Sisi tumeafikiana kurekodi mazungumzo na kuzima mashine maswali yanapoanza.

Mwamuzi Mstaafu

Na yasemwayo baada ya mashine kuzimwa yasiandikwe kwenye jarida la chama. Niliwahi kusoma maneno yangu mwenyewe kuhusu mchezaji fulani, yakiwa yamenyooshwa na kukolezwa, nami sikurudi tena kwa chama hicho.

Katibu Mpya

Nimekaa na kamati jana, na nimeona ni adabu kuwaarifu tulikofikia. Msimu ujao utaanza kwa mchezaji mmoja mwenye jina, kama alivyoshauri Kiti cha Mbele, lakini ataketi kwenye kiti na kuhojiwa juu ya mechi moja aliyoichagua mwenyewe, nayo si ile aliyopata mikimbio mia. Ni ile aliyotolewa kwa sifuri mara mbili. Alipopewa nafasi ya kuchagua, yeye mwenyewe ndiye aliyeitaja hiyo, na nakiri sikutarajia. Tunamtafuta pia mchezaji mwanamke wa miaka ya nyuma, na kipaza sauti kimepelekwa kwa fundi.

Mwezi wa pili ni wa mtunza uwanja. Nilimwendea bila barua, kinyume cha ushauri, nikamkuta amepiga magoti kwenye ukanda akibonyeza udongo kwa kidole gumba. Nilipomwambia tunataka atuzungumzie kazi yake, alicheka, akasema yeye hajui kuhutubia. Nikamwuliza tu kwa nini mpira huanza kuzunguka sana siku ya nne na ya tano za mechi ya siku tano. Alinieleza kwa robo saa juu ya mfinyanzi unaopoteza unyevu ukapasuka, na mashimo yanayochimbwa na viatu vya warushaji mahali ambapo mpira unakuja kudunda. Kisha akaingia kwenye zile dakika 7 ambazo sheria inamruhusu nahodha wa timu inayokwenda kupiga kuomba roli, ile mashine ya kusawazisha ukanda, ipitishwe, na manahodha wanaochagua roli nzito bila kujua inawasaidia au inawaua. Nikamwomba aseme hivyo hivyo ukumbini. Akakubali kwa sharti moja, kwamba aje na ndoo mbili za udongo, mmoja mkavu na mmoja wenye unyevu, na kwamba tumtandikie kitu sakafuni.

Mzee wetu tayari ameandika neno lake la shukrani. Lina kurasa nne, nami nimemrudishia alipunguze.